Ratili za Upepo

Kwetu kusini mtu hakai na mkwe wake. Ukimwona anakuja njiani unaingia majanini mpaka apite. Akiwa amekaa mkekani wewe unatafuta pa kusimama, na sinia moja hamli hata kama kuna njaa. Hayo nilifundishwa kabla sijavaa suruali. Sasa hebu fikirini maisha yangu ya karibu miaka mitatu ndani ya kichwa cha lori, goti langu likigusana na goti la baba mkwe, kutoka Mtoni mpaka kwenye mashamba ya minazi huko chini, na kutoka huko mpaka Mtoni. Kukohoa nilikohoa kwa adabu. Kujikuna sikujikuna. Yeye alitafuna tambuu yake na kutema nje upande wake, mwavuli ukiwa katikati ya magoti, ametulia kama yuko barazani kwake.

Alikuwa mpima mbata, zile nazi kavu za kukamulia mafuta. Ujana wake wote na utu uzima wake aliutumia mbele ya mizani, katika ghala la mfanyabiashara mmoja karibu na mkondo wa Mtoni. Aliweza kushika gunia pembe moja, akaliinua kidogo, akakwambia lina ratili ngapi. Wauzaji waliogombana na mizani walimwita yeye aamue. Vita vilipokwisha, jeshi likauza magari yake, naye akanunua lori moja kuukuu lenye matairi makubwa ya meno, yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya kupita kusikokuwa na barabara. Gari alikuwa nalo, kuendesha hajui. Mimi nilijifunza udereva jeshini, nikaendesha katika mchanga wa Somalia mpaka ndoto zangu zikawa za mchanga, na gari sikuwa nalo. Halafu alikuwa na binti.

Aliponiozesha hakunisumbua kwa mahari. Alisema neno moja tu: "Gari la nyumbani linaendeshwa na kijana wa nyumbani." Nilifurahi siku ile, nikaona nimependwa. Sikutambua kwamba mlango umefungwa kwa nje.

Tulikaa nyumbani kwake, mimi na mke wangu, katika chumba kilichopakana na chake. Zile nyumba za udongo mnazijua, ukuta wa katikati haufiki juu, unaishia njiani na hewa inapita. Mzee akipiga chafya, mke wangu alimjibu dua akiwa kitandani kwetu. Basi tulijizoeza kunong'ona. Tulinong'ona habari za mchuzi, tulinong'ona ugomvi, na mimba yake ya kwanza ilipoingia aliniambia sikioni kama mtu anayeiba. Nilimpenda mke wangu, na nilitamani kumsikia akicheka kwa sauti yake yote.

Ndipo mwenzangu mmoja wa jeshini akanipatia nafasi mjini. Gereji moja ya serikali ilitaka dereva, na dereva yule angepewa chumba katika nyumba mpya za kule Ilala, sakafu ya saruji, mlango wenye kitasa. Msimamizi aliitazama leseni yangu akasema nifike Jumatatu asubuhi. Nisipofika, yuko mwingine anayengoja.

"Chumba chenye ufunguo," mke wangu alinong'ona. Alilirudia neno hilo mara nyingi mpaka likanitia huruma. Siku ya pili nikamkuta ameanza kufunga vyombo vyake ndani ya kanga, sufuria, mwiko, mbuzi yake ya kukunia nazi. Akasema, "Sasa kazi yako ni moja tu. Mwambie baba. Mie siwezi, mie ni mtoto wake wa kike, na mama naye hathubutu."

Kazi ni moja tu! Nilikuwa nimevuka jangwa na risasi juu ya kichwa, na neno hilo moja likanishinda. Kumwambia mkwe wako, ambaye amekupa binti na gari na paa, kwamba umemchoka. Mdomo ungeanzia wapi?

Kwetu ipo njia. Ukiwa na neno zito la kumwambia mkwe, humwambii yeye, unaliambia kitu kingine naye akiwa karibu. Unaiambia nguzo, unaliambia jembe, unamwambia kuku. Mkwe anasikia, na heshima haivunjiki. Mzee wangu alikuwa mtu wa pwani, mila hiyo hakuzaliwa nayo, lakini alipoiona kwangu aliipenda kuliko mimi mwenyewe. Tulifika mahali tukawa tunasafiri kutwa nzima tukiongea na usukani na mwavuli.

Wiki ile ilikuwa na safari moja, kuondoka Jumamosi na kurudi Jumapili. Nilijiambia hiyo ndiyo safari ya mwisho, na nitalisema neno langu njiani. Lakini pampu yetu ya zamani ilikuwa imekufa, na safari iliyotangulia tulikaa mchangani kutwa tukiomba upepo kwa wapita njia. Bila pampu nzuri Jumatatu yangu isingekuwapo. Kwa hiyo mzee aliposema twende mjini tukanunue pampu na kipimo cha upepo, moyo wangu ulidunda kuliko siku ya harusi.

Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole wa miwani, alituwekea pampu tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya mguu. Unaikanyaga, nayo inafaa gari dogo la daktari, lakini kwa matairi yetu ungekanyaga mpaka nyonga iteguke. Ya pili ilikuwa ya mkono, ndefu, ya chuma kizito, kuukuu ya jeshini. Hiyo ina nguvu kama mwenye kuisukuma ana nguvu. Ya tatu sikuwa nimeiona tangu vitani. Ni kipande kifupi cha shaba na mpira mrefu wa kupitisha upepo. Unafungua plagi moja ya injini, unakifunga kile kipande penye tundu la plagi, unawasha gari. Injini inatembea kwa mitungi iliyobaki, na ule mtungi mmoja unasukuma pampu. Wewe unakaa pembeni unakunywa kahawa, tairi linajaa lenyewe.

Niliishika ile ya tatu kabla mzee hajasogea.

Mzee akamwuliza mwenye duka, "Huu upepo wake unatoka wapi?"

"Injini ndiyo inasukuma, mzee."

"Injini inakula petroli na kutoa moshi. Utaniwekea moshi ndani ya mpira?"

"Hapana, mzee. Moshi hapiti. Huku anavuta hewa safi, huku anasukuma hewa safi."

Mzee akauinua ule mpira, akaunusa. "Upepo wa mashine," akasema. "Mie nataka upepo wa Mungu." Watu waliokuwa dukani wakacheka, na mzee akapenda kuchekewa.

Nikajua nimo hatarini. Nikaitazama pampu mkononi mwangu, nikaiambia, "Wewe pampu, atakayekununua utamfikisha nyumbani mapema."

Mzee akaichukua ile ya mkono, akaigeuza, akaiambia, "Nawe pampu, waambie wenzako, haraka haraka haina baraka."

Mwenye duka alitutazama, mara mimi mara mzee, akavua miwani akaifuta. Nadhani alidhani tuna homa.

Vipimo vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kama kalamu. Unakibana kwenye valvu ya tairi, kijiti chenye namba kinaruka nje, unasoma. Kinapanda mpaka namba kubwa za malori, hakina kioo, ukikiangusha mchangani unakiokota unakifuta. Hicho ndicho tulichotumia jeshini. Kingine kilikuwa cha saa, cha mviringo, shaba inang'aa, kioo, mshale mwembamba mwekundu. Kizuri, lakini namba zake zinaishia hamsini. Ni cha motokaa za mabwana. Matairi yetu ya nyuma yakibeba mzigo yanataka sitini na zaidi, na mshale ukishafika mwisho hauna la kukwambia tena.

Niliiambia meza ya duka habari hiyo ya sitini. Mzee akakiambia kipimo cha saa, "Hamsini si haba," akakitumbukiza katika mfuko wa koti kuona kama kinaenea. Kilienea.

Halafu akauliza zile namba ni za nini.

"Ratili, mzee," akasema mwenye duka.

Mzee akakitoa kipimo mfukoni, akakitazama upya, kwa macho aliyokuwa akitazamia mizani. "Ratili," akasema. "Kumbe upepo nao una ratili."

Hapo nilifurahi kwa uovu. Mtu mzima, mpima mbata anayeogopwa mpaka Mbagala, hajui kwamba ratili za kipimo kile si za uzito! Ni nguvu tu ya upepo kusukuma tairi, uzito haumo. Ningeweza kumweleza mkwe wangu jambo hilo mbele ya watu? Nisingeweza. Basi nikalihifadhi nilicheke baadaye na mke wangu, kwa kunong'ona.

Tulirudi Mtoni na pampu ya mkono na kipimo cha saa. Niliudhika hadi chakula cha jioni hakikupita.

Jumamosi tukaondoka, sisi wawili, maana mzee alisema utingo wa nini na yeye yupo. Kabla ya kuondoka alipima matairi yote, na alipofika kwenye tairi la akiba akafungua valvu akaacha upepo utoke wote. "Hili limekaa bure," akasema. "La nini kubeba ratili hamsini za bure?" Nikapanda nikawasha gari.

Ukishapita Kongowe, njia ya Kilwa siku zile ilikuwa mchanga mtupu, mwekundu huku, mweupe kule. Lori lilizama vilimani hata halijabeba kitu. Dawa yake niliijua. Unapunguza upepo, tairi linalala na kutanuka, linatambaa juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Nikasimama, nikaliambia gurudumu la mbele, "Tairi, ukipunguzwa upepo tutapita."

Mzee alishuka upesi kuliko mimi. Alipiga goti kwenye kila tairi na kipimo chake, nami nikibonyeza valvu, naye akisoma namba kwa sauti ileile ya ghalani, sauti ndefu ya kumwita karani aandike. "Ishirini na taaano!" Tairi hadi tairi. Tulipomaliza yote sita akahesabu vidoleni, pamoja na lile la akiba, akasema, "Tumepunguza ratili mia mbili. Sasa ni jepesi." Kweli lori likapita kilimani bila kunung'unika. Mzee akaniangalia kwa pembe ya jicho. "Si umeona? Limekuwa jepesi."

"Ndiyo, baba," nikasema.

Kutwa ile nilijaribu kulitoa neno langu. Niliuambia usukani kwamba mjini kuna kazi nyingi siku hizi. Mzee akauambia mwavuli kwamba mjini kuna wezi wengi siku hizi. Niliuambia usukani kwamba mtoto akizaliwa chumba kinakuwa kidogo. Mzee akauambia mwavuli kwamba mtoto mchanga anahitaji bibi karibu. Niliuchukia ule mwavuli. Kichwa cha lori kilikuwa na joto la injini na harufu ya tambuu, na kila nilipofikiri nimepata upenyo, alikuwa amekwisha kuuziba kwa maneno matamu yasiyo na ubaya wowote. Ningemkasirikiaje mtu ambaye hajanitukana hata siku moja?

Kwenye ghala la mbata Jumapili asubuhi, wapakiaji walipofikisha mzigo wetu wa kawaida, mzee akainua mkono. "Ongezeni magunia mawili."

Mkubwa wao akasema, "Mzee, gari limetosha."

"Tumepunguza ratili mia mbili za upepo. Nafasi ipo."

Wapakiaji wakanitazama mimi dereva. Nikatazama minazi. Wakapandisha magunia mawili, wakicheka chinichini, nami nikaona haya kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Tulivuka mchanga salama, maana matairi yalikuwa bado laini. Lakini mbele mchanga ukaisha, ikaanza changarawe ngumu, na hapo tairi laini lenye mzigo ni msiba. Linajikunja, linachemka, linajila lenyewe. Nikasimamisha gari, nikaitoa pampu nyuma ya kiti.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nataka kurudisha upepo, baba."

"Juu ya mzigo wote huu uongeze tena ratili mia mbili? Utavunja springi."

Nikaliambia boneti, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Boneti, tairi laini kwenye changarawe linachemka na kupasuka."

Mzee akauambia mwavuli, polepole, "Mwavuli, dereva anaendesha. Mwenye gari ndiye anayepima."

Nikarudisha pampu. Nasema kweli, machozi yalinilengalenga. Jumatatu yangu, chumba chenye ufunguo, kicheko cha mke wangu, vyote vimeshikwa na mzee asiyejua tofauti ya upepo na mbata, na mimi mwenye kujua nimefungwa mdomo na adabu niliyonyonya kwa mama. Nikaendesha polepole nikisikiliza matairi.

Lilipasuka karibu na Kongowe, mchana umeanza kulegea. Ni la nyuma, upande wake. Lori likalala kidogo, magunia yakalia, mbata zikamwagika barabarani. Tairi lenyewe lilikuwa moto usioshikika, ubavu umechanika kiganja kizima. La akiba halina upepo hata wa kupuliza moto. Tukaliteremsha, nikafunga pampu, nikasukuma. Pampu ikapanda na kushuka bila kazi, haikuingiza kitu. Nikaifungua. Kipande cha ngozi kilicho ndani, kile kinachobana upepo, kilikuwa kimekauka na kujikunja. Pampu ilikaa miaka stoo ya jeshi, nasi hatukuwa na tone la mafuta.

Mzee akaokota mbata iliyomwagika, akaisaga kwa jiwe juu ya jiwe jingine, akaikamua kwenye kitambaa. Mafuta yalitoka haba. Tukaiwekea ngozi mafuta na kuiacha inywe, tukailainisha kwa vidole kwa zamu, jua likazama. Mbata nyingine tukaila. Tulilala palepale, yeye juu ya magunia, mimi chini ya lori.

Alfajiri nilikuwa nimesimama barabarani. Kutoka pale mpaka Mtoni mtu mwenye miguu anafika, na hata miguu haikuhitajika, kwani lori moja la mkaa lilitokea, likasimama. Dereva wake akashusha kichwa. "Mmeharibikiwa? Panda nikupeleke mjini ukatafute fundi. Mzee abaki na mzigo."

Mlango wake ulikuwa wazi. Nauona mpaka leo, mlango wa buluu uliobanduka rangi. Jumatatu yangu ilikuwa mle ndani. Nikageuka kumtazama baba mkwe. Alikuwa ameamka, amekaa juu ya magunia, mwavuli mapajani, hanitazami. Alitazama upande wa pili kabisa, kwenye mikorosho, kama mtu aliyempisha mwenzake chumbani avue nguo. Hakusema kitu, si kwangu wala kwa mwavuli.

"Asante, ndugu," nikamwambia yule dereva. "Nenda tu."

Nimwache mkwe wangu barabarani na mzigo? Kwetu wangeniuliza nimezaliwa na nani. Lori la mkaa likaondoka na vumbi lake likatushukia.

Ngozi sasa ilikuwa imelainika. Kabla sijaanza kusukuma, mzee alishuka, akaenda penye lile tairi la akiba lililolala chini, akashika upande mmoja wa rimu, akauinua kidogo, akaurudisha. Ilikuwa ni ile njia yake ya kushika gunia pembe. Sikujali. Nikasukuma. Nilisukuma kwa hasira mpaka mabega yakawaka, kisha akanipokea yeye, kanzu imefungwa kiunoni, akasukuma kwa pumzi ya kizee, kisha nikampokea. Hatukuongea na kitu chochote. Jua likapanda juu ya mikorosho, na mimi nikijua kwamba sasa msimamizi amefungua gereji, sasa anatazama mlangoni, sasa amemwita yule mwingine.

Tairi likavimba, likawa gumu. Mzee akaniambia niache.

"Inua upande huu, mwanangu."

Nikashika rimu, nikainua. Naye akashika akainua.

"Mie nililiinua kabla hujalijaza. Wewe jana si ulilibeba?"

"Nililibeba, baba."

"Limezidi?"

"Halijazidi."

"Halijazidi," akasema. "Wala halizidi. Nimeshika mizani tangu sijaota ndevu, mwanangu. Ulidhani kweli sijui kwamba upepo hauna uzito?"

Nikaiachia rimu.

"Ukuta wa chumba chenu haufiki juu," akasema. "Mnanong'ona, lakini usiku ni kimya. Nilisikia habari ya kazi, nikasikia habari ya ufunguo. Nikasema moyoni, tuchelewe kidogo tu, siku moja ipite. Sikutaka lipasuke. Hilo la kupasuka Mungu anajua sikulitaka." Akafuta uso kwa pindo la kanzu. "Yule ndiye mtoto wangu wa mwisho. Ningekuombaje usimchukue? Wewe huwezi kuniambia unakwenda, na mie siwezi kukuambia usiende. Mtu hamwombi mkwe wake."

Nilikasirika. Sikumbuki kukasirika vile hata vitani. Nilitamani kuitupa ile pampu mikoroshoni na kipimo chake kifuate. Kutwa mbili nimemcheka moyoni kwa ujinga wake, kumbe mjinga aliyekuwa mle ndani ya lori ni dereva. Na katikati ya hasira nikamwona alivyo, mzee mwenye mikono iliyochubuka kwa pampu aliyoinunua mwenyewe.

"Sasa kama una neno," akasema, "niambie mimi. Usiliambie tairi."

Mlango ule, alioufunga miaka mitatu, alikuwa ameufungua yeye mwenyewe. Kazi ilikwishapotea, lakini ilikuwa ndiyo kazi pekee mji mzima? Ningeweza kusema, Baba, nataka kuondoka na mke wangu, iwe leo, iwe mwezi ujao. Neno lilikuwa limeiva. Nilimtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikaona macho yake yananingoja.

"Tumalizie upepo, baba," nikasema.

Akakitoa kipimo mfukoni, akainama, akakibana kwenye valvu. "Hamsini," akasoma, bila ile sauti ya ghalani. Mshale ulikuwa umefika mwisho, na kama ndani kulikuwa na zaidi ya hapo hakikuweza kusema. Tukafunga tairi. Tukarudisha upepo katika yale mengine kwa mkono, moja baada ya jingine, tukashusha magunia mawili na kuyaacha kwa mwenye shamba wa karibu, tukaenda nyumbani goti kwa goti.

Tulifika Mtoni baada ya adhuhuri. Mzee aliingia chumbani kwake moja kwa moja, na mlango ukafungwa. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani kwetu, amevaa gauni lake la kutokea, na vyombo vyake vimefungwa miguuni. Alinitazama nguo, akaitazama mikono yangu, akaelewa habari ya gereji bila kuuliza.

"Ulimwambia?" akaninong'oneza.

"Hapana."

"Hata njiani?"

"Hata njiani."

"Na yeye?"

Nikamweleza kwa kunong'ona, habari ya ratili na habari ya ukuta, na alivyosema nimwambie yeye, nisiliambie tairi. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo. Nilitegemea atalia, au atamlaani baba yake. Akainama akafungua fundo la kanga, akatoa mbuzi yake, akaikunjua, akaikalia, akavuta nazi.

"Basi mzee kakuzidi," akasema, kwa sauti yake yote, sauti ya kawaida kabisa, tangu tuoane ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha mimi kwa sauti hiyo ndani ya chumba kile.

Ng'ambo ya ukuta mzee alikohoa kidogo, na mke wangu akaanza kukuna nazi.